Kona Mbili za Kisu Kimoja



Kwaresima iliyopita tuliharibu kipande cha shaba ambacho hakikuwa chetu. Tulikuwa mafrateri watatu wa mwaka wa pili wa falsafa, na kipande hicho kilinunuliwa kwa michango ya Wakristo wa kigango kimoja kilicho jirani nasi. Tumeona vema tuwaeleze jinsi kilivyoharibika, na jinsi sisi wenyewe tulivyokaribia kuharibika kuliko hicho kipande.

Kila Jumamosi seminarini kwetu ni siku ya kazi za mikono. Wapo wanaokwenda bustanini, wapo wanaokwenda kwenye zizi la ng'ombe, na wapo wanaofyeka nyasi kandokando ya uwanja. Sisi watatu tulipangiwa karakana ya chuo cha ufundi cha jimbo, ambacho tumepakana nacho. Mwenzetu mmoja alisomea ufundi wa mitambo kabla ya kujiunga na seminari, na sisi wawili wengine tulimfuata kwa udadisi. Katika karakana hiyo ipo mashine ndogo ya kukerezea inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC. Kipande cha chuma au shaba hushikwa na taya na kuzungushwa, halafu kisu husogezwa kukikata. Kisu kina njia mbili tu za kwenda: kuingia na kutoka, ambayo ndiyo X, na kwenda kushoto na kulia kufuata urefu wa kipande, ambayo ndiyo Z. Kompyuta huzichanganya njia hizo mbili, na katika kuzichanganya ndipo kitu cha mviringo kinapopatikana.

Wiki ya pili ya Kwaresima alikuja mzee katekista wa kigango hicho kwa bodaboda, amepakata msalaba wa maandamano uliofungwa kwenye kitenge. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba wanangu," kisha akafungua kitenge taratibu. Kile kifundo cha duara kinachokaa kati ya mti wa msalaba na msalaba wenyewe kilikuwa kimepasuka, na nusu yake haikuonekana tena. Waumini walikuwa wamezungusha waya na kitambaa cheupe ili msalaba usianguke. Mzee alitaka kifundo kipya kabla ya Dominika ya Matawi. Alikuwa pia na shaba ya njano, fimbo fupi yenye kipenyo cha milimita 45 na urefu wa sentimita 12. "Jumuiya zote zimechanga," alisema, "hata watoto wa Utoto Mtakatifu wametoa. Kipande ni hicho kimoja."

Tukapima kifundo cha zamani. Kilikuwa tufe lenye kipenyo cha milimita 40, na kila upande lilikuwa na shingo yenye kipenyo cha milimita 22. Tukamwambia mzee asiwe na wasiwasi.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana bila kueleza ufundi wenyewe hamtaelewa kosa letu.

Kukereza kitu kilichonyooka ni rahisi. Kukereza tufe lenye shingo pande zote mbili ni jambo jingine. Kisu cha kawaida cha kukerezea kimechongoka kuelekea upande mmoja. Kinaweza kupanda mgongo wa tufe kutoka kulia, lakini kikishavuka kilele na kutaka kushuka upande wa pili, ule wa karibu na taya, ubavu wake hugusa tufe na kulikwaruza. Kwa hiyo tulichagua kisu cha kuchimbia mifereji. Hiki ni chembamba kama ulimi, na ncha yake haikuchongoka, ni bapa. Chetu kilikuwa na upana wa milimita 3. Kwa sababu hakiegemei upande wowote, kinaweza kushuka kulia kwa tufe na pia kushuka kushoto kwake, na kazi yote ikafanywa na kisu kimoja.

Lakini ncha bapa ina kona mbili. Kinaposhuka upande wa kulia wa tufe, kisu kiko kulia, na kinachogusa shaba ni kona yake ya kushoto. Kinaposhuka upande wa kushoto, kinachogusa ni kona ya kulia. Mashine haijui habari hizo. Yenyewe inajua nukta moja tu, ile uliyoipima na kuiandika katika kumbukumbu yake. Ukiiambia nukta yako ni kona ya kushoto, kisha ukakata kwa kona ya kulia bila kuipa taarifa, itakosea kwa milimita 3 kamili, na itakosea kwa utii mkubwa.

Mwenzetu aliyesomea ufundi alilijua hilo. Katika programu aliyoiandika, kisu chetu kilipewa nafasi mbili kwenye kumbukumbu: namba 3 kwa ajili ya kona ya kushoto, na namba 13 kwa ajili ya kona ya kulia. Kazi ya kupima kona na kuandika vipimo ilikuwa ya wa pili wetu. Kazi ya kukagua yote kwa kulinganisha na mchoro, na kuiendesha programu hewani kwanza pasipo kipande, ilikuwa ya wa tatu.

Tulianza kwa kuchimba. Kisu cha mfereji kina nguvu kikisukumwa moja kwa moja kwenda ndani, lakini ni dhaifu kikisukumwa ubavuni, kwa hiyo hatukukiburuta. Tulikizamisha, tukakitoa, tukakisogeza milimita 2, tukakizamisha tena, hadi umbo likaonekana kwa ngazingazi, tukiwa tumebakiza milimita 0.3 za kumalizia. Mara ya kwanza mashine ililia, kwa sababu kisu kilikuwa kimetokeza mno kwenye kishikio chake. Tulipokirudisha ndani ikanyamaza. Mwendo wa kuzunguka nao ulibadilika wenyewe: kwa kasi ya kukata ya mita 120 kwa dakika, kwenye kipenyo cha milimita 40 kipande huzunguka takriban mara 955 kwa dakika, na kwenye shingo ya milimita 22 hufika takriban mara 1,736. Maranda ya shaba yaliruka madogo madogo kama mchele wa dhahabu. Tulifurahi sana. Tulikuwa tukisema, "Tumeweza!"

Ukafika wakati wa kumalizia. Kisu kilianzia kileleni na kushuka kulia, na upande huo ukatoka laini, ukang'aa. Kikainuka, kikarudi kileleni, kikaanza kushuka kushoto. Tulisikia sauti imekuwa nzito, lakini kabla hatujabonyeza kitufe chekundu kazi ilikuwa imekwisha. Katikati ya tufe palikuwa na mgongo mkali kuzunguka pande zote, kama mshono.

Tukachukua kalipa. Kipenyo kilikuwa milimita 39.89. Pungufu ya sehemu 11 za mia za milimita! Kwa nukta moja ya muda tulidhani tumepona. Tulipopima kutoka shingo hadi shingo ndipo tuliponyamaza. Tufe lilikuwa fupi kwa milimita 3. Nusu ya kulia ilikuwa sahihi na nusu ya kushoto ilikuwa sahihi, ila zilikuwa zimeingiliana, kana kwamba mtu amekata kipande katikati ya chungwa akazibandika tena nusu zilizobaki. Na fimbo iliyosalia kwenye taya haikutosha kutengeneza kifundo kingine.

Mwalimu wa karakana alikuja, akatazama, akauliza, "Programu ameandika nani?"

Wapendwa, dakika moja kabla ya hapo tulikuwa tunasema "tumeweza". Swali lilipoulizwa, wawili kati yetu tulimwangalia mmoja. Hatukusema neno, na halikuhitajika. Mwenzetu aliinamisha kichwa akasema, "Mimi, mwalimu." Aliamini kweli kwamba amekosea hesabu. Mwalimu hakumgombeza, ila aliandika kitu kwenye daftari lake. Sisi tunaoishi seminarini tunajua maana ya daftari hilo. Taarifa ya kazi za mikono hufika kwa walezi, na mwisho wa mwaka walezi hukaa kumtathmini kila mmoja wetu kama anafaa kuendelea. Neno "mzembe" likiingia humo hutembea na mtu.

Usiku ule, katika kimya cha kutafuta dhamiri mwanzoni mwa Sala ya Mwisho wa Siku, yule aliyekuwa na kazi ya kupima alikumbuka. Alikuwa amepima kona ya kushoto, akaandika kipimo chake katika namba 3. Alipofika namba 13, kengele ya chai ilikuwa imegonga. Akanakili namba ileile, akikusudia kurudi kuirekebisha baada ya chai. Hakurudi. Na yule wa tatu alikuwa ametia alama ya sawa kwenye karatasi ya ukaguzi bila kuiendesha programu hewani, kwa kuwa aliwaamini wenzake, au tuseme kwa kuwa naye alitaka chai. Programu haikuwa na kosa hata moja.

Asubuhi yake wawili tuliambiana ukweli huo nyuma ya kanisa. Kisha tukakubaliana kusubiri. Tulikuwa na sababu nzuri nzuri: kwamba mwalimu ameshasahau, kwamba mwenzetu ni mpole hataumia, kwamba shaba haitarudi hata tukisema. Mmoja wetu alipendekeza tuutoe ule mgongo kwa tupa na msasa, tumpe mzee kifundo chake. Kipenyo kingebaki karibu milimita 39 na nusu, kingeng'aa, na nani kigangoni angejua kwamba kilitakiwa kuwa duara kamili? Tulisubiri siku mbili. Katika siku hizo mbili mwenzetu alikuwa akikaa peke yake maktabani, na karatasi zake za hesabu mbele yake, akitafuta kosa ambalo halikuwepo.

Siku ya pili hiyo tulikuwa na kipindi cha maadili. Tulifika kitabu cha 6 cha Maadili ya Nikomako, mahali Aristotle anapotenganisha ufundi na busara. Anasema jambo ambalo mwanzoni linashangaza: katika ufundi, anayekosea kwa kukusudia ni afadhali kuliko anayekosea bila kujua, lakini katika busara na fadhila nyingine mambo hugeuka. Mtakatifu Thoma wa Akwino analichukua wazo hilo katika Summa, anapoeleza kwamba ufundi ni akili iliyo sawa kuhusu vitu vya kutengenezwa, na busara ni akili iliyo sawa kuhusu matendo ya kutendwa. Fundi akipinda mstari kwa makusudi, ufundi wake bado anao, kesho atanyoosha. Asiyejua kwamba mstari umepinda, huyo ndiye amepungukiwa ufundi. Lakini mtu anayepotoka akijua, hawezi kujitetea kwamba fadhila anayo na leo ameamua tu kutoitumia.

Mwalimu wetu wa falsafa aliomba mifano. Darasa likatoa mifano ya seremala na ya mwashi. Sisi wawili hatukuinua mikono. Tulikuwa na mfano wetu uliotukaa kooni. Namba 13 ilikuwa kosa la ufundi: tulikosea bila kujua, na adhabu yake ilikuwa milimita 3 za shaba. Siku mbili za kimya hazikuwa kosa la ufundi. Tulijua kila kitu.

Tuliona pia kwamba kosa la pili lilikuwa na umbo la lile la kwanza. Mashine ilipima kwa kona moja na kukata kwa kona nyingine. Nasi tulipokuwa tunafurahi tulijipima kwa "sisi", na aibu ilipokuja tukakata kwa "yeye". Kisu ni kilekile, upana wake ni uleule, lakini kona imegeuka bila mtu kuitaja.

Tulimfuata maktabani kabla ya Masifu ya Jioni tukamwambia yote. Tulitegemea hasira, na tulikuwa tumejiandaa kwa hasira. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Namba 13 iliandikwa ngapi?" Tukamtajia. Akavuta karatasi, akachora miduara miwili yenye nusu kipenyo cha milimita 20, vitovu vyake vikiwa vimeachana kwa milimita 3. Akaonyesha sehemu ambamo miduara hiyo inaingiliana. "Hiki ndicho tulichonacho kwenye mashine," alisema. Kisha ndani ya sehemu hiyo akachora duara la tatu, kitovu chake katikati ya vile viwili. Duara hilo lilienea vizuri: milimita 37. "Tukishuka hadi 36, kisu kitapata cha kukata pande zote. Programu ni nzima, ni kubadilisha namba chache tu. Ila kifundo kitakuwa kidogo kuliko mzee alivyoagiza."

Ndipo tulipoelewa kwamba njia ya tupa na msasa ingetufungia mlango. Ili kukitengeneza kile kifundo upya ilitubidi tujue kosa lilikuwa nini hasa, na anayelijua ndiye aliyekuwa amelificha. Tena ilitubidi tumwambie mzee.

Kwanza tulikwenda kwa mwalimu wa karakana. Alisikiliza, akafungua daftari lake mbele yetu, akakata mstari mmoja na kuandika mwingine mrefu zaidi. Hatukuuliza ameandika nini. Kisha tukampigia simu mzee katekista, akaja kesho yake. Tulimwonyesha kipande, tukamweleza ni nani alifanya nini, kwa maneno ambayo hata asiyejua mashine angeyaelewa. Alikigeuzageuza mkononi, akapitisha kidole gumba juu ya ule mgongo.

"Hicho kidogo, kitashika msalaba?" akauliza.

"Kitashika, mzee. Shingo hazibadiliki."

"Basi tengenezeni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akatufungia kitenge chake mkononi kama mtu anayejiandaa kuondoka, kisha akaongeza, "Wazee watakiona ni kidogo. Wakiniuliza, nitawaambia mliniambia wenyewe."

Jumamosi iliyofuata tulipima kona zote mbili. Aliyekosea mwanzo ndiye aliyeomba kupima tena, na hatukumnyima. Aligusisha kona ya kushoto, akaandika namba 3. Akagusisha kona ya kulia, akaandika namba 13. Kisha akasoma namba zote mbili kwa sauti na sisi wawili tukazirudia. Tuliendesha programu hewani mara mbili, tukitazama kisu kikikata upepo. Kisha tukakata. Kisu kilishuka kulia kwa kona ya kushoto, kikarudi kileleni, kikashuka kushoto kwa kona ya kulia. Pale kileleni, kona mbili zinapopokezana kazi, palibaki mstari mwembamba kama unywele. Mstari huo hutokea hata kazi ikiwa nzuri, kwa sababu hakuna anayepima kona mbili zikalingana kabisa. Msasa laini uliuondoa kwa dakika chache. Tukapima kipenyo, tukapima kutoka shingo hadi shingo, tukapima na mshazari. Lilikuwa tufe.

Dominika ya Matawi tulikwenda kutumikia katika kigango hicho. Msalaba ulitangulia, matawi ya mitende yakafuata, na watoto wakiimba kwa sauti ya juu kuliko kwaya. Kifundo kiling'aa kwenye jua. Hatukusikia mtu yeyote akisema ni kidogo. Misa ilipoanza Dominika iliyofuata na nyingine baada yake, na hata leo, tunaposali sala ya kuungama dhambi mwanzoni, tunaona jambo ambalo tulilipita miaka yote. Sala ya Bwana tunaisali kwa wingi: Baba ni yetu, mkate ni wetu. Lakini katika sala ile ya kuungama, kanisa zima linasema kwa sauti moja, na kila mtu anajitaja mwenyewe kwa umoja, anapiga kifua chake na si cha jirani. Mama Kanisa anajua kona ipi itumike wapi.

Kwa hiyo tulipoketi kuandika makala hii, tulidhani ni haki iandikwe kwa "mimi", na atajwe aliyenakili namba na aliyetia alama ya sawa. Kila mmoja wetu wawili ameshakwenda peke yake mbele ya padre, na hapo "sisi" haikutumika. Lakini mwenzetu wa maktabani alisoma rasimu, akakataa. Alisema shaba ilikuwa moja, mashine moja, na watatu tulikuwepo. Iandikwe "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, na yeye ahesabiwe humo. Tukamwambia yeye hakuwa na kosa. Akajibu kwamba pale Yordani pia alikuwepo Mmoja katika foleni ambaye hakuwa na kosa.

Hatukuwa na la kumjibu. Ndiyo maana mmesoma "sisi".